Ditekta Inanguruma Jikoni

Masumbwe, Jumatatu, 2 Juni 2025

Betri za ditekta yangu ya kutafutia dhahabu zimekufa. Sostenes, fundi redio wa jirani, kajipendekeza: nitumie umeme wa ukutani, ila baada ya transfoma na dayodi nifunge kapasita. Eti umeme ukitoka kwenye dayodi unakuja kwa kurukaruka. Kapasita inajaa kama pipa, inaachia taratibu, umeme unatulia. Nani kamuuliza? Nimefunga vyote isipokuwa hiyo kapasita. Haizunguki, haiwaki, imekaa tu. Vibarua wa aina hiyo nawafahamu.

Jumanne, 3 Juni

Dhahabu! Jikoni kwangu! Nimewasha tu, ditekta ikanguruma mfululizo. Nimevunja sakafu. Mke wangu Scolastika kahamishia mafiga uani, hasemi nami. Atasema nikimjengea ghorofa.

Alhamisi, 5 Juni

Shimo limenifika kifuani. Mawe matupu! Ditekta inanguruma jikoni, inanguruma sebuleni, nikiielekeza darini inanguruma vilevile. Panya wangu ni matajiri kuliko mimi.

Sostenes kachungulia, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti huo ni umeme usiochujwa, si dhahabu. Wivu huo! Nimemfukuza.

Ndipo Scolastika akafungua mdomo. "Baba Noela, ukigusa chumba cha kulala, mimi na mtoto tunarudi kwetu Ngokolo."

Mke gani anaitishia bahati? Nimekasirika.

Jumamosi, 7 Juni

Huruma itaniua. Ili nyumba itulie, nimemruhusu Sostenes afunge kapasita yake. Kimya! Jikoni kimya, sebuleni kimya. Akaweka pete ya Scolastika sakafuni, ditekta ikalia mara moja, safi. Walivyonitazama, utadhani nimeshindwa kesi. Scolastika kafurahi, kapika wali na kuku. Nimekula kwa hasira.

Jumapili, 8 Juni

Nimegundua! Kabla ya kapasita, dhahabu tele. Baada ya kapasita, hakuna. Kwa hiyo kapasita ndiyo inaificha! Sostenes anataka nikate tamaa, aje achimbe yeye. Mwizi mkubwa! Scolastika alipokwenda kanisani nimeing'oa. Chumba cha kulala kimenguruma kuliko kote. Nikashika sururu.

Jumatatu, 9 Juni

Scolastika kaondoka na basi la asubuhi. Kamchukua Noela, na kitanda kikafungwa kwenye keria, juu ya paa la basi. Hakuaga. Roho inaniuma, sikatai.

Ila kile kitanda kilikuwa kimekaa juu ya dhahabu yenyewe. Sasa nachimba kwa nafasi.