Jinsi Fundi Gundi Alivyoiangusha Ngome ya Nzuri

Sogezeni viti, enyi mliokaa na enyi mlioegemea mlango mkijifanya mnapita. Tegeni masikio, maana habari niliyoibeba ni nzito, nayo sharti iandikwe kabla waongo hawajaidaka. Nawe kalamu, usinikwamie leo. Ni habari ya Fundi Gundi, Simba wa Soli, Mtiisha Visigino, bwana wa sindano na uzi wa nta, aliyekwenda peke yake mchana kweupe hadi chumba cha mnasihi, akaketi, akajibu swali.

Swali lenyewe lilikuwa moja tu: "Habari yako?"

Msicheke. Miezi saba shujaa huyu alikuwa akiulizwa hivyo na wateja, majirani na wakwe, na kila mara alijibu "Nzuri" upesi, kama mtu anayefunga mlango kabla mbuzi hajaingia. Alijibu hivyo hata siku ya maziko ya mdogo wake, waliyekaa naye kibanda kimoja miaka ishirini, mkubwa akishona, mdogo akibandika. Tangu siku ile kila asubuhi Gundi alitoa nje viti viwili, akakalia kimoja, akakitazama kingine. Usingizi ukamhama, chakula kikamshinda. Mwishowe akambandikia mwalimu mkuu soli mbili zote za kushoto, naye mwalimu, kwa adabu zake, akaenda zake akipinda kona asizozikusudia.

Ndipo mkewe, Malkia wa Kauli Fupi, aliponena: "Baba watoto, kesho unakwenda kwa mnasihi. Nimeshakupangia saa nne."

"Mimi si mgonjwa, mama."

"Sijasema mgonjwa. Nimesema saa nne."

Akaondoka na viatu alivyoving'arisha mara tatu. Mapokezi akalakiwa na adui wa kwanza, fomu ya kurasa mbili, naye akaivamia kwa kalamu ya kuazima, jasho likimtoka. Penye sababu ya kuja akaandika: Mke. Dada wa mapokezi akasoma, akabana midomo, akasema, "Inatosha, fundi. Mengine mtaongea ndani."

Ndani alitarajia kitanda, sindano ndefu, na mtu wa kumsoma mawazo. Akakuta boksi la tishu, mama wa makamo mwenye viatu vya kamba, na viti viwili. Alipoviona vile viti akakaa kabla hajakaribishwa.

"Karibu, fundi," mnasihi akasema. "Utakayosema hapa yanabaki hapa, labda nione uhai wa mtu uko hatarini, na hapo nitakwambia kwanza. Tuna dakika hamsini. Usilotaka kujibu, usijibu. Habari yako?"

"Nzuri," akafyatua Simba wa Soli.

Mnasihi akangoja. Kimya kikamzingira shujaa pande zote nne, nacho hakikuwa na haraka. Gundi akapapasa mfukoni, akashika silaha yake ya siku zote.

"Mama, kisigino chako cha kushoto kimelika. Unaegemea upande mmoja. Vua, dakika tano tu."

"Ahsante, nitakileta kibandani. Leo zamu ni yako."

"Vyangu vizima."

"Naviona. Habari ya mwenye viatu?"

Lo, vita vilivyopiganwa kooni mwa mtu yule. "Nzuri" ilipanda na ndugu zake wawili, "Salama" na "Tunashukuru," wakajipanga mlangoni mikuki mbele, na nyuma yao kitu kikubwa kikisukuma kutaka kutoka. Wakashindana mpaka masikio yakamwasha.

"Si nzuri," akasema. "Si nzuri hata kidogo. Bado natoa viti viwili."

Akalia, Mtiisha Visigino, mpaka tishu nne zikaangamia. Mnasihi hakumpa dawa wala hotuba. Alimwuliza mdogo wake alikuwa mtu wa namna gani, na Gundi akaeleza jinsi yule bwana alivyokuwa akiimba vibaya makusudi ili kuwafukuza wapiga soga kibandani, na katikati ya kamasi akajikuta anacheka. Dakika hamsini zikaisha. Huzuni ilikuwa palepale, lakini njaa ilimwuma, na hilo halikuwa limetokea siku nyingi. Akaomba nafasi ya Jumanne.

Nyumbani mkewe alikuwa anaanika nguo. "Habari ya huko?"

Yule adui "Nzuri" akanyanyua kichwa kwa mazoea, na Gundi akamkanyaga.

"Si nzuri. Lakini Jumanne narudi."

Malkia akaweka beseni chini. "Yangu pia si nzuri, baba watoto," akasema. "Tangu shemeji atutoke. Nilikuwa nakungoja wewe uanze."

Andikeni basi, enyi wenye wino: siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri, ngome iliyosimama miezi saba ilianguka kwa maneno mawili, na hakuna aliyepotea vitani ila tishu nne. Kesho yake Gundi akatoa viti viwili kibandani kama kawaida, na mkewe akaja na mchele wake wa kuchambua, akakalia kimoja.