Alfayo Mia Sita na Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi 1997
Tecla, karani wa kituo cha majani chai, amekuja kiwandani kuchukua orodha ya wakulima. Dakika nne tu, akaenda. Nimebaki nikiangalia kiti alichokalia. Ijumaa ataita majina ya wakulima waje kuchukua mbolea, na wa kwanza ni Alfayo, kwa sababu ya A yake. Alfayo ana ng'ombe watatu wa gredi, wa maziwa mengi, na anamwinda Tecla. Mimi nina kompyuta. Sikubali!

Jumanne, 4 Machi
Mama yake Tecla, Mama Rebeccah, ni mkulima mpya. Wapya huwekwa mwisho. Mimi nitamweka juu! Nimeandika programu kwa C, lugha ya kompyuta: amri ya memcpy inanakili majina yote nafasi moja chini, kisha mama anaingia. Nimeijaribu, iko sawa. Owiti wa mitambo anasema kitabu kinakataza memcpy mahali pa kutoa na pa kuweka pakipandana. Hakuna ajuaye itafanya nini. Eti nitumie memmove, amri isiyojali kupandana. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Programu ilikuwa polepole. Nimeiambia kompaila, ile inayoigeuza programu kuwa lugha ya mashine, iiharakishe. Sasa inakimbia! Sikuangalia orodha. Niangalie nini, na Jumanne ilikuwa sawa? Nimechapisha, nikampa Tecla. Amesema asante. Nimeenda nayo nyumbani hiyo asante.

Ijumaa, 7 Machi
Nilienda kituoni nimsikie Tecla. Akamwita mama yake. Mama akatabasamu. Kisha akaita Alfayo. Kisha Alfayo. Kisha Alfayo. Programu iliyoharakishwa ilianzia juu, si chini kama ile ya Jumanne: ilimwandika Alfayo juu ya wa pili, kisha Alfayo huyo juu ya wa tatu, hadi chini, Alfayo mia sita na kumi na moja. Sauti ninayoiota, ikimwita huyo! Naye akasimama kila mara. Wazee wakafoka, mbolea ikafungiwa. Tecla akanijia.

"Johana, kesho utaandika hii yote na mkono. Mimi nitakusomea."

Jumamosi, 8 Machi
Kutwa nzima, meza moja. Alisoma kutoka daftari la zamani, nikaandika polepole kadiri nilivyothubutu. Alinimiminia mursik, maziwa ya mgando, ya mama yake. Sikujua nilikuwa mpweke hivi. Kwa nini wakulima si elfu kumi?

Jumatano, 12 Machi
Owiti ameweka memmove. Programu haikosei tena. Tecla amekuja: dakika nne. Nilianza kumkosa kabla hajafika mlangoni akitoka.

Nimerudisha memcpy. Safari hii nimepiga hesabu vizuri: itaharibu majina ishirini tu, ya kutosha alasiri moja naye. Najua kabisa itakavyofanya.