Sauti ya Winny na Maziwa ya Lelmet

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Siku kubwa! Jana kanisani tulitangaziwa kwamba Bwana Nyamwange wa kipindi cha watoto redioni atafika hapa Mogogosiek Jumamosi, kurekodi watoto wanaoimba. Binti yangu Winny ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Asubuhi na jioni humkamua Lelmet, ng'ombe wetu, huku akimwimbia. Wachumaji wa chai husimamisha kazi wamsikilize. Hata mimi husimama.

Adui ni mmoja tu, Omollo, mtunza boila ya mvuke katika kiwanda cha chai. Bintiye Amondi alisikika redioni mwezi wa nne, dakika moja nzima, na tangu hapo Omollo hutembea na redio kwapani kama Biblia. Leo dukani amenisalimu kwa huruma. Huruma! Mimi, karani wa kupima majani chai!

Mikakati imeanza. Mayai mabichi mawili kila asubuhi. Mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, marufuku, ule mkaa wake utakwaruza koo. Zizini pia asionekane, harufu ya mbolea haimfai msanii. Mama Winny ndiye atakayekamua. Ameniuliza kama nimeshauriana na Lelmet. Sikuelewa swali.

Jumanne, 9 Agosti

Omollo anasema Bwana Nyamwange hapendi watoto waliopita miaka saba, eti hawana utamu. Winny ana tisa. Nimewaza kutwa, hata nikapima majani ya Mzee Chepyegon mara mbili. Hakulalamika.

Jioni jibu limepatikana. Winny ana sita. Mama Winny amekumbusha kwamba Kipkemboi, mdogo wake Winny, ana saba. Nimesema Kipkemboi Jumamosi asitoke nyumbani.

Winny akaniuliza, "Baba, nikimaliza kuwa sita, nitarudi kuwa tisa lini?"

Nimemwambia hilo ni swali zuri, arudie wimbo kutoka mwanzo.

Lelmet ametoa nusu ndoo tu. Ajabu.

Alhamisi, 11 Agosti

Mazoezi mara ishirini kabla ya chai. Winny anaimba huku ameukazia macho ukuta. Sauti ipo, lakini ni kama majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Nimeongeza yai. Ametapika. Pengine yai lilikuwa bovu.

Lelmet naye ameipiga ndoo teke, Mama Winny akakaa kwenye mbolea. Maziwa hayakutosha hata kubadilisha rangi ya chai. Tunakunywa strungi kama wafungwa! Nimemwita daktari wa mifugo. Amepapasa kiwele, akachungulia mdomoni, akasema ng'ombe ni mzima, labda ana mawazo. Mawazo gani? Anakula, analala. Daktari akauliza kama kuna jambo lililobadilika hapa nyumbani. Nimemwambia hakuna.

Jumamosi, 13 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa kiwanda ulijaa. Bwana Nyamwange ni mtu mwembamba, anaangalia saa kila mara. Alianza na Amondi. Akamrudisha mwanzo mara tisa, akisema hasikii furaha. Akamwamuru atabasamu. Ni redio, lakini eti tabasamu husikika. Mara ya kumi Amondi akaanza kulia. Omollo akamsihi alie huku akitabasamu. Nilimwona akijifuta jasho, redio yake ameisahau chini ya benchi, na kwa kitambo nilimhurumia. Kisha nikafurahi.

Akaitwa Winny. Gauni lake la zamani lilikuwa limembana kwapani. Akaulizwa umri. Akajibu ni sita, lakini Jumatatu atakuwa tisa. Watu wakacheka. Akafungua mdomo aimbe. Hakuna. Akafungua tena. Hakuna kitu! Nikapanda jukwaani kumsaidia, nikaimba mstari wa kwanza mwenyewe. Bwana Nyamwange akaniomba nisifike wa pili. Akasema watoto ni wengi, akaita anayefuata.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Winny amenishika mkono, hasemi neno. Hapo niliogopa kweli. Itakuwaje kama nimeiharibu ile sauti na haitarudi? Nilitaka kumwambia pole. Nikajikuta namuuliza kama asubuhi alimeza yai lote.

Jumapili, 14 Agosti

Kutwa nzima Winny hajasema kitu. Kanisani wenzake waliimba, yeye alikodolea macho viatu vyake. Hata mahubiri sikuyasikia.

Tulipofika nyumbani Mama Winny aliweka sufuria chini. "Baba Winny, huyu ni mtoto, si redio. Wacha aende kwa ng'ombe wake."

Nimekubali. Sikuwa na mkakati mwingine.

Nimejibanza nyuma ya ua. Halafu nikamsikia akimnong'oneza Lelmet, kisha akaanza, taratibu, kale kawimbo kake ka siku zote kasicho na maneno mengi. Sauti ni ile ile! Ndoo ikajaa mpaka povu likamwagika. Nimelia, na sioni haya kuandika. Usiku tumekula kimyeet, ugali wetu, na mursik, na Winny amecheka mara mbili.

Nimejifunza. Sauti ya mtoto ni ya mtoto. Nimeipigia mstari sentensi hiyo.

Jumanne, 16 Agosti

Nimeazima redio ya kaseti ya Omollo. Ameitoa bila swali, anasema Amondi akiiona huenda kujificha chooni. Nimeifukia kwenye nyasi za Lelmet. Winny hajui, maana mtoto asisumbuliwe. Kanda itakwenda Nairobi kwa posta. Kwenye bahasha nimeshaandika umri wake, miaka mitano, ili tusikosee tena.

Mambo yalikwenda vizuri kabisa hadi mstari wa pili. Hapo nikamwomba, kwa upole sana, nikiwa nyuma ya ua, atabasamu.

Wimbo ukakatika. Kisha teke. Ndoo upande huu, redio ya Omollo upande ule. Winny ameingia ndani na hajasema neno tangu hapo.

Sasa ng'ombe huyu ana shida gani? Kesho asubuhi namwita tena daktari.