Amri ya Kutoogopa Kitabu

Ilitangazwa kwa raia wote wa Lubumbashi, na redio ikarudia isije ikawapita viziwi, kwamba kuanzia Jumatatu kuogopa ni marufuku. Chama kinamlinda raia dhidi ya kila kitu, hivyo anayeogopa anakitukana Chama. Ikafunguliwa Idara ya Ushujaa wa Wasomaji, na Raia Kapya akapewa uongozi, abakosti mpya, ile suti ya Chama isiyo na tai, na feni isiyozunguka.

Kapya aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Mtu wake wa kwanza alikuwa Mujinga, mwalimu wa kike wa mtaa wa Bel-Air, aliyesemewa kwamba amesoma riwaya ya kutisha na kuisifia mbele ya wenzake. Akikutwa na woga, kazi imekwenda, na watoto wake wale upepo.

"Citoyenne," Kapya alianza, kama Chama kilivyotaka raia wa kike aitwe, "ile kitabu uliiona namna gani?"

"Iko muzuri, citoyen. Inakimbia mbio. Ukianza kusoma, bukari inaungua mu sufuria ku moto."

"Ni kusema uliogopa."

"Hapana. Hata kiloko."

Kapya akafurahi. Mzalendo huyu! Alikwisha kuchovya muhuri kwenye wino, lakini utaratibu ni utaratibu: shujaa sharti aeleze ushujaa wake umetoka wapi, ili taifa lijifunze.

"Juu ya nini haukuogopa?"

"Mu ile kitabu, motokari nyeusi inasimama ku mulango. Batu banashuka, habaseme majina. Banabeba baba ya nyumba. Kesho yake, jirani anasema hakuona kintu." Mujinga alituliza mikono mapajani. "Muandishi anawaza iko mambo ya kuogopesha. Miye nilisema, ah, huyu anaandika tu mambo ya hapa kwetu."

Muhuri ukabaki hewani. Kapya aliijua motokari hiyo. Ilikuwa imeegeshwa uani, chini ya dirisha lake. Akiandika kwamba kitabu hakitishi, wakubwa watauliza sababu, na sababu ndiyo hiyo imeshatamkwa ofisini mwake, yeye akiisikiliza. Alifunga dirisha, akasogeza kiti karibu naye, na ile "citoyenne" ya kiofisi ikamtoka mdomoni.

"Mama, nakuomba. Sema uliogopa, hata kidogo tu."

"Bon. Uandike niliogopa nani?"

Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa limeegeshwa uani. Alimgongea haraka cheti cha ushujaa, nafasi ya sababu akaiacha tupu, ili arudi darasani kwake. Kisha, badala ya kumsindikiza, akajifungia ofisini kwa ufunguo na kuvuta pazia la dirisha la uani. Kwa mujibu wa amri, Idara ilikuwa imempata mwoga wake wa kwanza.