Mama Tabby Haendi Popote

Jumatatu, 3 Machi

Mfumo wa Mama Tabby umeanza kazi! Mama Tabby anaangua vifaranga kwa mashine hapa Kiuu, na wafugaji kutoka Ruiru mpaka Thika huagiza kwake. Sasa oda zote ziko kwa kompyuta: nani anataka kuku gani, atachukua lini. Ananiita Injinia. Asichojua ni kwamba nimejenga kila kitu juu ya huduma ya kampuni moja ya ng'ambo, na data ikiingia huko haisomeki kwingine. Akitaka kuniacha, aache na data pia. Haendi popote! Nimejipongeza kwa chapati mbili.

Jumanne, 4 Machi

Githae alipita ofisini kwangu. (Ni kona ya saluni ya dada yangu, lakini ina meza.) Anatengeneza mifumo kule Thika na hupenda kushauri watu ambao hawajamwomba. Aliuliza, hiyo kampuni ikifunga nitahamia wapi? Eti yeye huweka sehemu ndogo kati ya mfumo wake na huduma ya kampuni ya nje, ili huduma ikibadilishwa mteja asihisi tofauti. Na hutoa nakala ya data katika jedwali la kawaida ambalo yeyote anaweza kufungua. Nikamwambia huko ni kama kinyozi kumfundisha mteja kujinyoa. Hakucheka. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Haiya! Kampuni imenunuliwa. Huduma inazimwa kesho adhuhuri. Wanasema wamenijulisha mara kadhaa. Nilidhani barua pepe zao ni matangazo!

Nikajaribu kutoa data. Ikatoka faili kubwa ya alama ambazo hata kompyuta yangu ilizikataa. Nikawaandikia. Roboti ikajibu kwamba inathamini hisia zangu. Nikajaribu kuhamisha mfumo wenyewe, lakini kampuni hiyo imetajwa karibu katika kila mstari niliouandika. Nilipofuta mmoja, mingine yote iligoma.

Mama Tabby akapiga simu. Kesho vifaranga wanatolewa, na majina ya walioagiza hayafunguki. Nikamwambia mfumo unapumzika kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Adhuhuri, skrini nyeupe. Nilikuwa kwa Mama Tabby. Vifaranga wanalia kwenye masanduku, wafugaji wanapiga kelele getini. Kila mtu alidai wa kienyeji. Bwana mmoja wa Kahawa Wendani alishika sanduku upande mmoja, mama mmoja akalishika upande wa pili. Hakuna aliyeachilia.

Mama Tabby akapanda juu ya kreti. "Muriithi, nipe majina yangu."

Nikamwambia yamo, ila hayatoki.

"Vifaranga wangu huchukua siku ishirini na moja kutoka. Majina yako yanatoka lini?"

Watu wakacheka.

Aliokoa mambo mwenyewe. Aliagiza kila mtu aonyeshe ujumbe wake wa oda kwenye simu, akawagawia mmoja mmoja. Lakini mabishano yalikuwa yamechukua muda, na masanduku mengine yalisahaulika juani. Nilisaidia kuwatoa vifaranga waliokufa. Walikuwa wepesi sana. Sikuweza kula.

Jioni Mama Tabby akanipigia. Hakufoka, na hilo liliniuma zaidi. Githae atamjengea mfumo mwingine. Sharti la kwanza alilompa: yeye mteja aweze kuondoka na data yake siku yoyote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Jana kanisani hata mahubiri sikuyasikia. Kosa langu sasa nalijua: ile kampuni ilikuwa ndogo mno!

Leo nimepata mteja mpya. Bwana Kang'ethe ana nyumba za wageni karibu na maporomoko ya Chania na anataka mfumo wa kupokea wageni. Nimemtafutia kampuni kubwa kabisa, bure mwaka wa kwanza, yenye namna yake ya kuhifadhi data ambayo hata Githae hajaisikia. Bwana Kang'ethe aliuliza kama siku moja anaweza kuhama. Nikamwambia hilo ni swali zuri.

Masharti ya kampuni ni kurasa nyingi. Nimebonyeza "Nakubali".