Majina Niliyoyapa Makundi ya Zamu

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa meneja anateua msimamizi wa zamu hapa kwenye kiwanda cha mikate. Tumebaki wawili: mimi na shemeji yangu mtunza stoo, kaka wa mke wangu. Nakitaka cheo hicho mpaka nakosa hamu ya chai. Silaha ninayo. Ratiba ya kompyuta niliitengeneza mimi: kila kundi la visanduku nimelipa jina, na makro, programu ndogo iliyomo ndani yake, hulitafuta kwa jina hilo ndipo ipange watu. Leo nimefuta safu moja makusudi. Ikigoma, nitaibuka shujaa.

Jumanne, 4 Machi
Imegoma. Kila kisanduku kimeandika #REF!, alama ya kosa. Waokaji wa asubuhi wamekuja mara mbili ya idadi, wa mchana hakuna hata mmoja. Nimemwambia meneja anipe dakika tano. Nimekaa saa sita. Safu nimeirudisha, lakini majina bado hayaioni. Kumbe kuharibu najua, kutengeneza sijui.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kasema nimwombe kaka yake, alisomea mambo hayo. Nikasema bora nilale njaa. Nikala, nikalala.

Alhamisi, 6 Machi
Meneja kamwita shemeji bila kuniuliza. Tena kompyuta imeunganishwa na skrini kubwa ukumbini, eti sote tujifunze. Shemeji akaeleza kwa upole kwamba lazima afungue orodha ya majina, alielekeze kila jina kwenye visanduku vyake upya. Majina yale niliyatunga nikiwa peke yangu, nimenuna.
Akayasoma kwa sauti. Wavivu_Asubuhi. Wambea_Mchana. Shemeji_Maringo. Hapo akakohoa. Meneja_Kitambi. Meneja akafunga kifungo cha koti.
Ratiba ilipona kwa dakika kumi.

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kachukua shemeji. Imeniuma, sifichi. Akanishika bega, akaahidi kuwa nyumbani hatasema kitu. Nimefika, mke wangu anayajua majina yote kwa mpangilio.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeagizwa niyape makundi majina ya heshima, kisha nimkabidhi shemeji faili. Nimeyabadilisha yote. Halafu nikafuta safu moja, ndogo tu, ya pembeni kabisa. Atakwama, atanibembeleza.
Nimekumbuka sasa hivi: safu ile ni ya likizo, na yangu ilikuwa ianze keshokutwa. Si kitu. Nitaitengeneza mwenyewe.