Pikipiki Nyekundu Iliyovunja Kioo

Jumatatu, 4 Machi
Nimevunja kioo cha kinyozi. Kile kikubwa! Kila Jumatatu hukitoa nje, akakiegemeza ukutani na kukisugua kwa gazeti lililoloa. Nikapita na baiskeli. Nikajitazama kidogo kama kofia imekaa vizuri. Imekaa vizuri. Gurudumu nalo likafuata macho. Kishindo! Kabla kipande cha mwisho hakijatulia nilishakata kona. Kinyozi alikuwa ndani, hakuona. Ameapa aliyevunja hatakanyaga kibaraza chake tena. Balaa. Benchi la pale ndiyo nchi yangu. Nyumbani kuna mke wangu, na mke wangu ana kazi za kunipa.

Jumanne, 5 Machi
Bado ninazo akili! Muuza chai alikuwa ng'ambo ya barabara jana. Sikumwuliza aliona nini. Huo ujinga, angeweza kunijibu. Nilimwuliza ile pikipiki nyekundu iliyogonga kioo ilikuwa na mwendo gani. Akafikiri, akatikisa kichwa: babu we, mbio za kichaa! Fundi cherehani nikamwuliza dereva alivaa koti jeusi au la bluu. La bluu, kasema, tena limechanika begani. Hilo la begani sikumpa mimi. Kajiongezea.

Jumatano, 6 Machi
Mtaa mzima unaijua pikipiki. Muuza chai sasa anakumbuka hata honi. Kinyozi ananiita mzee wangu, kanipa na mto wa kukalia. Raha! Fundi viatu tu, hasimu wangu wa dama tangu meno yetu yalipokuwa kamili, kaizunguka baiskeli yangu, kauliza taa ya mbele iko wapi. Nikamwambia ashone viatu.

Alhamisi, 7 Machi
Mshenzi yule! Kawapitia mashahidi wangu. Wangu, niliowalea mwenyewe! Kamwuliza muuza chai yule mzee aliyepakiwa nyuma ya pikipiki alishika kofia yake pana kwa mkono upi. Wa kushoto, kasema bila hata kumeza mate. Fundi cherehani naye kakumbuka kwamba mzee alikuwa akimhimiza dereva aongeze mwendo, akimvuta bega, ndiyo maana koti likachanika. Mtaani hapa mwenye kofia pana ni mmoja. Nikapiga kelele kwamba hapakuwa na pikipiki yoyote! Muuza chai akanuna: babu, usitufanye vipofu. Kinyozi kauchukua mto wake, na mimi kanifukuza.

Ijumaa, 8 Machi
Nyumbani. Nimemenya vitunguu, nimekaza bawaba za mlango. Mke wangu, bila hata kuinua macho, kauliza kwa umri huu nilipanda pikipiki ya yule kichaa kufuata nini. Nikataka kumjibu. Nikafikiri sana.

Jumamosi, 9 Machi
Wananisingizia! Sikumhimiza dereva hata kidogo. Nilimwambia apunguze mwendo, mara tatu, upepo ukiniingia mdomoni. Hakusikia kwa sababu ya ile honi. Nimeandika malalamiko kurasa mbili, nikampelekea kinyozi kwa mkono wangu. Kisha nikamwuliza, kwa upole tu, fundi viatu alipotuashiria tugeuzie palepale penye kioo, aliashiria kwa mkono au kwa nyundo?
Kinyozi, ambaye siku ile alikuwa ndani, alifikiri sana.
Kwa nyundo, kasema.